Mtoto anaitikia "sí, sí", lakini kaelewa? Jinsi ya kupima na kusaidia uelewa wa sarufi kwa mtoto wa Kihispania mwenye TDL (tatizo la ukuaji wa lugha)

Jumapili moja mchana tuko kwa mama mkwe, mwanangu ana miaka sita na nusu, bibi yake yuko jikoni anamwita binamu mtu aje achukue sahani. Mi nikamwambia mwanangu "a tu primo lo llama la abuela", yaani binamu yako anaitwa na bibi. Akasema sí mamá, akakimbia fasta mpaka jikoni, akamwambia bibi "abuela, te llama el primo", bibi, binamu anakuita. Watu wakacheka kidogo wakaendelea kula, mi sikucheka, manake siku ile ndo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nakizunguka kwa miaka miwili bila kukishika. Huyu mtoto anasikia primo, anasikia llama, anasikia abuela, alafu anayapanga mwenyewe kwa jinsi yalivyofuatana, aliyetajwa kwanza ndo anayeita. Vile vidude vidogo, a na lo, ambavyo ndo vinasema nani anamwita nani, kwake vilipita kama upepo.

Naandika hii kwa wazazi wenzangu mnaolea watoto kwenye Kihispania, na kwa walimu wasaidizi na madada wa kulea ambao mtoto mnakaa naye kuliko hata wazazi wake. Sio mbadala wa logopeda (ndo wanavyomuita mtaalamu wa lugha na usemi huku Uhispania, Chile na Kolombia utasikia fonoaudiólogo, Meksiko terapeuta de lenguaje). Ni namna ya kujua unachoshughulika nacho na ufanye nini nyumbani wakati foleni ya miadi haisogei.

TDL ni trastorno del desarrollo del lenguaje, kwa lugha yetu tuseme tatizo la ukuaji wa lugha. Ripoti za zamani zinaandika TEL, ukiona hivyo usichanganyikiwe, jina lilibadilika baada ya wataalamu chini ya mtafiti Dorothy Bishop wa Uingereza kukubaliana mwaka 2016 na 2017 watumie jina moja, na Kihispania kikafuata. Ni tatizo la kawaida mno kuliko watu wanavyodhani, karibu watoto 7 kati ya 100, kwa hiyo darasa la watoto 30 lina wawili hivi. Akili yake haina shida, na hujamharibu wewe kwa kumpa simu wala kwa kumsemesha lugha mbili. Ila wengi wanashikwa kwenye kuongea tu, kwa sababu kuongea vibaya kunasikika, kutokuelewa hakusikiki. Mtoto anayenyamaza na kutikisa kichwa anaitwa mtulivu.

Kabla ya chochote kapimwe masikio. Hata kama unaona anasikia katuni vizuri, hata kama alipimwa alipozaliwa. Maji nyuma ya ngoma ya sikio huja na kuondoka, na herufi ndogo zisizo na mkazo ndo za kwanza kupotea, utahangaika na sarufi kumbe sikio.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Ondoa msaada wa mazingira

Ukimwambia mtoto "ponte los zapatos que nos vamos", vaa viatu tunaondoka, huku umeshika viatu na mlango uko wazi, hajaelewa sentensi, kaelewa mlango. Ukimwambia "el niño come la manzana" na akakuonyesha picha sahihi, hajakuonyesha sarufi yoyote, manake tofaa halili mtoto. Watoto wenye TDL ni mabingwa wa kubahatisha kwa akili, wanasoma macho yako, mkono wako, ratiba ya siku, na wanapatia mara nyingi sana, ndo maana nyumbani unasema "mbona ananielewa" na mwalimu anasema "haelewi", na wote wawili mnasema kweli.

Kwa hiyo kipimo cha kweli kinataka sentensi inayoweza kugeuzwa, ambayo wote wawili wanaweza kuwa mtendaji. Chukua wanyama wawili wa plastiki, ng'ombe na farasi wanatosha. Weka mezani, kaa mkabala naye, mikono yako mapajani, macho kwa mtoto na sio kwa mnyama (hili gumu kuliko unavyofikiri, mi ilibidi mume wangu anirekodi video ndo nikaona kwamba kila mara nilikuwa natupa jicho kwa jibu). Sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, yeye aigize (mbili za kwanza ng'ombe anamsukuma farasi, mbili za mwisho farasi anamsukuma ng'ombe):

La vaca empuja al caballo.
Al caballo lo empuja la vaca.
El caballo empuja a la vaca.
A la vaca la empuja el caballo.

Changanya, fanya 12, badili kitenzi (muerde anauma, persigue anakimbiza, besa anabusu), hakikisha ng'ombe anasukuma mara nyingi sawa na farasi na mara nyingine ng'ombe awe kushoto mara nyingine kulia. Andika kila jibu, usimwambie kapatia au kakosa, sema tu "muy bien, otra", vizuri, nyingine. Na hapa kuwa makini na hesabu: wanyama ni wawili, kwa hiyo kubahatisha tu kunampa 6 kati ya 12, sita sio nusu ya uelewa, sita ni sarafu imerushwa. Akipata 10 na kuendelea hapo naamini, manake kwa bahati tupu hiyo hutokea chini ya mara 2 katika 100.

Angalia pia amekosa wapi. Akipatia zote zinazoanza na mtendaji na kukosa zote zinazoanza na al au a la (al ni a na el zilizoungana), huyo habahatishi, ana sheria yake: wa kwanza ndo mtendaji. Kwangu ilikuwa hivyo, sita kwa sita. Lakini ana miaka minne na anakosa hizo za al? Usipige kelele, watoto wadogo wasio na tatizo lolote wanaanza na sheria hiyohiyo. Kwa mtoto wa miaka saba ni habari nyingine.

Vidude vyenyewe

Kihispania kinamchosha mtoto wa TDL mahali tofauti na Kiingereza. Kwa Kiingereza kelele yote iko kwenye nyakati za vitenzi. Kwa Kihispania vitenzi vina mwisho unaosikika, shida kubwa inahamia kwenye el, la, los, las za mbele ya jina, kwenye lo na la za mbele ya kitenzi, na kwenye kupatanisha jina na sifa yake. Watafiti Lisa Bedore na Laurence Leonard waliandika hayo mwaka 2001 kuhusu namna watoto hawa wanavyoongea. Ni silabi moja, haina mkazo, imebanwa katikati ya maneno makubwa.

Sisi wa Kiswahili hapa tuna njia ya kuelewa haraka. Lo na la ni kama -m- ya "anamchana". Se ni kama -ji- ya "anajichana". Tofauti ni kwamba -m- yetu haijali kaka wala dada, lo na la zinajali. Basi tengeneza picha tatu, na usidownload, piga mwenyewe na simu: mama anamchana msichana, mama anamchana mvulana, mama anajichana. Printi. Alafu sema la madre lo peina (mvulana), la madre la peina (msichana), la madre se peina (mwenyewe), yeye aonyeshe. Sentensi tatu, silabi moja tu inayobadilika, na utaona kila kitu unachotaka kuona. Mwanangu se aliipata mapema, lo na la ilichukua karibu mwaka.

Tahadhari moja ambayo wageni tunaikosa: ukiwa Madrid au Valladolid, familia nyingi zinasema "le peina" kwa mwanamume badala ya lo, na Akademia ya Kihispania yenyewe inaikubali kwa mwanamume mmoja. Kwa hiyo tumia le kama bibi na babu wa nyumba hiyo wanasema le, usimpime mtoto kwa Kihispania asichokisikia. Hivyohivyo herufi s. Granada, Kuba, Chile, Jamhuri ya Dominika, s ya mwisho inafifia au inapotea kabisa, "las niñas" (wasichana) inakuwa kama "la niña" (msichana) yenye vokali iliyofunguka au pumzi kidogo. Ukimpima mtoto wa huko kwa "coge la pelota, coge las pelotas" (chukua mpira, chukua mipira) na sauti ya video ya Burgos, kaskazini ambako s inatamkwa, unapima lafudhi. Tumia kitenzi kikusaidie: come (anakula) na comen (wanakula), hiyo n inasikika zaidi.

Alafu miisho ya vitenzi. Sisi tunaweka nani na lini mwanzoni, a-li-imba, wa-na-imba, mtoto anapata taarifa kabla ya kitendo chenyewe. Mhispania anaiweka mkiani na anaweza kuacha mtendaji asitajwe kabisa. Canto ni naimba, cantó ni aliimba, tofauti yake ni mkazo tu. Fanya mchezo wa nani kafanya: wewe, yeye na baba mezani, unasema "comió" (alikula) au "como" (nakula) au "comiste" (ulikula), anaonyesha kwa kidole. Hii huwa inakuja haraka, usikae nayo sana.

Nakaa zaidi kwenye hii inayofuata kwa sababu ndo imetutesa. Sikiliza:

la niña que peina al niño
la niña que peina el niño

Ya kwanza msichana anachana, ya pili msichana anachanwa. Al na el, basi. Kabla hujashangaa, kumbuka sisi nasi tunayo: "mtu aliyempiga Juma", nani kapigwa? Inaweza kuwa huku inaweza kuwa kule, na tunaishi nayo kwa sababu tunajua habari nzima. Mhispania yeye kaweka alama, lakini kaweka alama ndogo mno, na jina likiwa la kike hali ni mbaya zaidi, "el niño que peina a la niña" mtu akiongea kwa kasi ile a inamezwa na a ya peina, hata mtu mzima anabaki na muktadha tu. Kwa hiyo usianze kufundisha na hiyo. Anza na ile ndefu, "la niña a la que peina el niño", ina alama kubwa inayokuja mapema, ikishashika ndo ushuke kwenye al na el. Jozi zenye a la usizitumie kupimia kabisa.

Kadi yenye gundi

Jinsi tulivyotoka kwenye "wa kwanza ndo mtendaji" ni hivi. Nilikata kadi nyekundu za mtendaji na za bluu za anayetendwa. Kwenye kona ya kila kadi ya bluu nikabandika a kubwa nyeusi kwa gundi, haitoki. Tunaweka wanyama: ng'ombe juu ya nyekundu, farasi juu ya bluu, nasema "la vaca empuja al caballo" na nagusa kadi. Alafu natelezesha kadi ya bluu pamoja na farasi wake mpaka mwanzo, polepole, mtoto anaona: kadi imehama lakini a haijabanduka na rangi haijabadilika. "Al caballo... lo empuja... la vaca." Farasi kaenda mbele ila bado ni wa bluu, bado anasukumwa. Nilifanya hivyo siku tano bila kumuuliza chochote, siku ya sita akaninyang'anya kadi akaitelezesha mwenyewe akasema "pero sigue siendo azul", lakini bado ni bluu. Nilitoka nikaenda kulia bafuni.

Wazo la rangi sio langu, Susan Ebbels wa Uingereza ana mfumo mzima wa maumbo na rangi kwa watoto wa umri wa shule, na malogopeda wengi wana mifumo yao. Muulize wako anatumia rangi gani ili nyumbani na kliniki ziwe sawa, mtoto asijifunze mara mbili.

Dakika 10 kwa siku zinatosha. Jozi moja tu kwa wiki. Na nusu ya muda yeye awe mwalimu, yeye aseme sentensi wewe uigize, na mara mojamoja kosea makusudi, mfanye ng'ombe asukume wakati kasema asukumwe, akikusahihisha ujue kimeingia, akinyamaza ujue bado.

Kuna mambo ya kuacha pia. Acha kumkatia lugha. Wengi tukiambiwa "ongea naye kwa urahisi" tunaanza "niño comer manzana", yaani mtoto kula tofaa, tunatoa hivyohivyo vidude ambavyo hana, sasa atavipata wapi? Fupisha sentensi lakini iwe kamili, el niño come una manzana. Usivute maneno kama kanda inayoisha chaji, weka pumziko kati ya vipande. Asipoelewa rudia sentensi ileile mara moja kabla ya kuibadilisha, manake ukiibadilisha papo hapo yeye anaanza upya na nyingine wakati ile ya kwanza hajaimaliza, kwangu hili peke yake lilipunguza kilio cha homework.

Shule

Maagizo ya darasani ndo mtego mkubwa. "Antes de pintar el árbol, recortad la casa", kabla ya kupaka mti rangi kateni nyumba. Mtoto wangu anapaka mti kwanza kwa sababu mti umetajwa kwanza, mwalimu anaandika hafuati maelekezo. Ombeni, kwa adabu na kwa maandishi, maagizo yatolewe kwa mpangilio wa kutendeka, moja moja, na yaandikwe ubaoni. Kwa shule za Uhispania muulizie mwalimu wa Audición y Lenguaje (kusikia na lugha), wanamwita AL, na timu ya orientación (ushauri wa shule) ndo inayofanya tathmini.

Pasivu ya ser, yaani kauli ya kutendwa kama "fue perseguido por" (alikimbizwa na), nyumbani sihangaiki nayo, Wahispania wenyewe mezani hawaongei hivyo. Lakini darasa la nne na la tano inaingia kwa kishindo kwenye vitabu. "Los visigodos fueron derrotados por los musulmanes en el año 711", Wavisigothi walishindwa na Waislamu mwaka 711. Jaribu kuwa mtoto ambaye wa kwanza ndo mtendaji na hujui Wavisigothi ni nani: umesoma kwamba walishinda, na kwenye mtihani utaandika walishinda. Historia imejaa sentensi za kugeuzika ambazo mtoto hana kumbukumbu ya kumwokoa. Kaeni na kitabu kabla ya somo, ipakeni por rangi ya kalamu ya kuangazia, na kinachofuata por kipate nyekundu ileile ya kadi, huyo ndo mtendaji. Sisi tuna "walishindwa na", hiyo na ndo por, mweleze kwa Kiswahili kama anakijua.

Na hapo nisisitize. Mwalimu mmoja aliniambia niache Kiswahili kwa sababu kinamchanganya. Nikaacha miezi minane, na Kihispania hakikupanda hata kidogo, nilichopoteza ni mazungumzo ya mwanangu na mama yangu kwenye simu. Lugha mbili hazisababishi TDL, na mwenye TDL wa lugha mbili hayuko chini ya mwenye TDL wa lugha moja. Kikiwa TDL kweli kitaonekana kwenye lugha zote anazozijua, kikionekana kwenye Kihispania tu na Kiswahili chake kiko safi, uliza kwanza amekisikia Kihispania kwa muda gani. Wataalamu wazuri wanapima pande zote, Marekani kuna testi inaitwa BESA ya watoto wa Kihispania na Kiingereza wa miaka 4 mpaka karibu 7, imetengenezwa kwa mantiki hiyohiyo.

Siku ya tathmini

Uelewa wa sarufi mara nyingi wanapima kwa testi inaitwa CEG, ya Elvira Mendoza na wenzake wa Granada, ilitoka mwaka 2005, ya watoto wa miaka 4 mpaka 11. Sentensi 80 kwenye bloku 20, kila sentensi picha nne, mtoto anaonyesha moja, haongei. Usiitafute kwenye mtandao umfanyishe mazoezi, akizizoea picha matokeo hayana maana tena na umejifungia mlango wa msaada. Mlaze mapema, mpeleke asubuhi.

Nenda na daftari lako la zile 12 na la maisha ya kawaida: tarehe, sentensi kamili ulivyoisema, alichofanya. "A tu primo lo llama la abuela, alikwenda kumwambia bibi anaitwa." Mistari kumi ya hivyo inamsaidia logopeda kuliko kusema "haelewi vizuri". Na ukipewa ripoti usitosheke na sentil ya jumla, sentil 10 inakwambia tu kwamba katika watoto 100 wa umri wake karibu 90 wamemzidi, haikwambii cha kufanya Jumatatu. Uliza bloku zipi alikosa, na alipokosa aliichagua picha gani, ile ambayo mtendaji na mtendwa wamebadilishana nafasi au ile yenye kitu tofauti kabisa. Ya kwanza ni sarufi na unajua pa kuanzia, ya pili inaweza kuwa msamiati au uchovu, na hapo mwombe arudie bloku hiyo siku nyingine.